Sista Ottilia wa Matiri, Aliyewakataza Watu Kusubiri Macho Yaive

Alizaliwa tarehe 9 Desemba 1966 katika kitongoji cha mlimani huko Matiri, na siku ya nne baada ya kuzaliwa kwake mgeni ambaye hakuna aliyemtarajia alisimama mlangoni mwa wazazi wake, matope yamempanda hadi magotini. Alikuwa mwanamke wa makamo, muuguzi aliyekuwa safarini kwenda misheni moja ya ziwani, na lori lililombeba lilikuwa limekwama chini ya kilima. Aliomba moto wa kukaushia nguo. Tereza, mama mwenye nyumba, alimkaribisha huku akilia, kwa maana mtoto wake mchanga alikuwa hajafungua macho tangu jana yake, kope zimevimba na usaha unatoka. Majirani walikuwa wamekwisha kusema kwamba huyo atakua akishikwa mkono. Mgeni hakukikalia kigoda alichopewa. Aliomba maji yaliyochemka, akafungua mfuko wake, akayasafisha yale macho, akampa mtoto dawa, na akarudia kazi hiyo tena na tena mpaka lori lilipotolewa kwenye matope siku ya pili yake. Alipokuwa akiondoka, mtoto alikuwa anautazama mwanga wa mlangoni. Tadei, baba wa mtoto, alimwuliza mgeni jina lake ili wampe binti. Yeye akajibu, "Langu liacheni. Jana ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Ottilia, mwombezi wa wenye shida ya macho. Mpeni lake." Mtoto akabatizwa Ottilia, na yule mwanamke hakuonekana tena Matiri.

Kanisa halijatamka lolote juu ya Sista Ottilia, nasi hatuna haki ya kulitangulia. Tunaandika yale waliyoyaona waliofanya naye kazi na wale aliowahudumia, ili yasipotee na ili yatusaidie kuishi.

Alikua kama wakuavyo watoto wa Wamatengo. Alilima ngolo pamoja na mama yake kwenye mteremko mkali, yale mashimo yanayozuia mvua isichukue udongo, na katika miezi ya mavuno alichuma kahawa. Huko shambani alifunzwa jambo ambalo kila mtoto wa mkulima wa kahawa hufunzwa kabla hata ya kusoma: usiguse tunda la kijani. Tunda la kijani linaharibu mfuko mzima. Subiri liwe jekundu. Tunalitaja hapa kwa sababu somo hilo, ambalo shambani ni jema na la kweli, ndilo lililomletea Ottilia jeraha kubwa la maisha yake. Mwaka 1986 aliingia kwa masista, akaweka nadhiri zake za kwanza miaka mitatu baadaye, akasomea uuguzi, na mwaka 1993 akapelekwa kuhudumia zahanati ndogo ya milimani, si mbali na nyumbani kwao. Wanaomkumbuka wakati huo wanasema alikuwa mchangamfu, mwenye mikono myepesi na majibu ya haraka. Wagonjwa walimpenda kwa sababu hakuwaacha waondoke bila neno la uhakika.

Mwezi Aprili 1997 alifika kwake mkulima aitwaye Kilian, mwenye umri wa miaka arobaini na tisa, akilalamika kwamba ukungu umeingia machoni na kwamba wakati mwingine anaona nyuzi nyeusi zinaelea mbele yake. Sista Ottilia alichukua tochi, akaangaza jicho moja, akaangaza la pili, akaona weupe kidogo kwenye mboni. "Baba, ni mtoto wa jicho, bado mchanga," alimwambia. "Subiri liive, ndipo wakukate. Njoo baada ya mavuno."

Kilian alicheka. "Kama kahawa, Sista?"

"Kama kahawa, baba."

Huo ndio ulikuwa ushauri wa siku zile, na watu wa milimani waliupokea kwa urahisi kwa kuwa ulifanana na yote waliyoyajua. Kilian alirudi shambani, akachuma, akamenya, akaanika, akasubiri jicho lake liive. Mwezi Septemba alirudi zahanati akishikwa mkono na mkewe. Macho yote mawili yalikuwa yamejaa damu kwa ndani. Katika hospitali kubwa alikopelekwa, daktari alieleza kwamba yule mtoto wa jicho alikuwa kitu kidogo tu kilichokaa mlangoni. Ugonjwa wenyewe ulikuwa nyuma, kwenye retina, ule utando mwembamba ulio ukutani mwa jicho ambao hupokea kila tunachokiona. Kilian alikuwa na kisukari bila kujua. Kisukari kilikuwa kimeiharibu mishipa midogo ya retina mpaka ikavuja na kupasuka. Kama mtu angempanulia mboni kwa matone na kutazama nyuma mwezi Aprili, huenda angeokolewa. Tochi ya Sista ilikuwa imetazama mlangoni, haikuingia ndani.

Sista Ottilia hakujificha nyuma ya ushauri wa siku zile. Alitembea hadi nyumbani kwa Kilian, akapiga magoti kwenye uwanja wa kuanikia kahawa mbele ya mke na watoto, akasema wazi kwamba yeye ndiye aliyemwambia asubiri. Mke wa Kilian aligeuka akaingia ndani. Kilian akasema, "Sista, mimi nilisubiri kwa sababu nilikuamini. Machozi yako hayanisaidii. Nenda ukajifunze hicho kilicho nyuma." Maneno hayo yalikuwa wito wake wa pili, na mwenyewe alikuwa akisema ulikuwa mgumu kuliko wa kwanza, maana ule wa kwanza Mungu alimwita kwa upole.

Aliomba ruhusa ya kwenda kusomea macho, akanyimwa. Shirika lilikuwa na wauguzi wachache, na mkuu wa wakati huo alihitaji mtu wa wodi ya wazazi. Aliomba tena mwaka uliofuata, akanyimwa tena, akaendelea kuzalisha akina mama bila kununa. Wenzake wanashuhudia kwamba kila Jumapili baada ya Misa alikwenda kumsomea Kilian Injili ya siku, na kila mwaka ifikapo Septemba aliandika upya barua yake ya maombi. Mwaka 2001 akakubaliwa. Alikuwa na miaka thelathini na minne, darasani kwa vijana wa miaka ishirini na kidogo, na somo la lenzi na mwanga lilimshinda kabisa muhula wa kwanza. Alilirudia, akalifaulu, akahitimu uuguzi wa macho mwaka 2003, akapangiwa kliniki ya watawa mjini Mbinga, akiwa na kifaa cha kutazamia nyuma ya jicho. Kuanzia siku hiyo hadi kufa kwake neno "subiri" halikusikika kinywani mwake mbele ya mgonjwa. Hata kama foleni ilikuwa ndefu, alisema, "Leo. Kaa hapo, ni leo."

Kuona ugonjwa ni jambo moja, na kuutibu ni jambo jingine. Kwa miaka mingi Sista Ottilia aliwaona wenye retina iliyoharibika, akawaandikia rufaa, na wengi wao hawakwenda, kwa kuwa hospitali yenye matibabu ilikuwa mbali na kahawa ilikuwa imeiva. Ndipo alipoamua kwamba kama watu hawaendi kliniki wakati wa msimu, kliniki itawafuata kwenye mizani ya kahawa. Mwaka 2016 wafadhili walilipatia shirika kamera ndogo ya kushika mkononi, inayopiga picha ya retina. Sista aliibeba hadi kwenye kituo kimoja cha kukusanyia kahawa, akaweka meza yake karibu na mizani, na wakulima waliokuwa kwenye foleni na mifuko yao akawatia matone ya kupanua mboni. Hakufikiri vizuri siku ile, na mwenyewe alipenda kuisimulia habari hiyo akijicheka. Mboni ikipanuka, mtu haoni vizuri karibu, na jua linamchoma. Wakulima walipofika kwenye mizani hawakuweza kuzisoma namba. Mzee mmoja akapaza sauti, "Kumbe ndiyo mpango! Sista anatupofusha, karani anapima!" Vurugu ikazuka, karani akakimbilia ofisini, na Sista akafukuzwa pamoja na meza yake. Kesho yake alirudi peke yake, akaomba radhi mbele ya wote, akasema, "Mpimiwe kwanza, muone namba kwa macho yenu. Halafu mje kwangu." Wakaja. Msimu ule aliwapiga picha watu mia nne na zaidi, na tangu hapo mizani ikawa kliniki yake kila mwaka.

Wengine waliiogopa kamera yenyewe. Ilisemwa kwamba inapiga picha roho, na kwamba masista wanazipeleka mahali. Sista hakuwakemea. Alijiweka yeye kwanza, akapigwa picha, kisha akawazungushia watu ile picha waione. Ilikuwa na rangi ya chungwa, na mishipa imetawanyika kama mito kwenye ramani. "Hii ndiyo ndani yangu," alisema. "Dhambi zangu hazionekani humo. Zingeonekana, nisingewaonyesha." Watu wakacheka, wakapanga foleni.

Miaka michache baadaye ilikuja programu ya kompyuta iliyofundishwa kuzisoma picha hizo, ambayo ndani ya dakika moja huonyesha kama retina ni salama au ina dalili za ugonjwa. Baadhi ya wenzake waliona ni ajabu kwa mtawa kuitegemea mashine. Yeye alisema kwamba mashine haichoki saa nane mchana kama yeye, lakini pia haijui kulia, kwa hiyo zinahitajika zote mbili, mashine na Sista. Kila picha ambayo programu iliitia shaka alimtumia Dokta Hamphrey, bingwa wa retina katika hospitali ya rufaa, na hata zile ambazo programu ilizipitisha alizitazama tena mwenyewe, na mara mbili tatu akakuta kosa. Kisha alimwandikia daktari huyo kila mwezi kwa mwaka mzima akimwomba aje Mbinga. Dokta Hamphrey alikuja kusema baadaye kwamba alikubali ili apumzike na barua. Kuanzia mwaka 2021 alifika kila Alhamisi ya tatu ya mwezi, akiwa na dawa ya kuchoma ndani ya jicho, ambayo huizuia mishipa dhaifu isivuje. Ugonjwa ambao kwa Kilian ulikuwa hukumu, sasa ulikuwa na matibabu umbali wa safari ya nusu siku. Kilian mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 2009.

Februari 2023 Sista Ottilia alikwenda Lituhi, kando ya Ziwa Nyasa, kama alivyozoea: kwa kuomba nafasi kwenye malori ya makaa ya mawe ya mgodi wa Ngaka mpaka yanapoishia, kisha kwa bodaboda, kamera imefungwa ndani ya kanga tatu ili vumbi jeusi lisiingie. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba. Siku hiyo mawingu yalizuia jua, betri ya umeme wa jua ikazima baada ya mgonjwa wa nane. Aliyebaki alikuwa mmoja tu, mvuvi aitwaye Dastan, Mwanglikana, mwenye miaka hamsini na nane. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekufa miaka miwili iliyopita. La kulia liliona, kwa maneno yake, kama mtu anayetazama chini ya maji. Hakuwa amekuja kwa hiari. Mkewe Siwema, binti wa wakulima wa kahawa wa Matiri, ndiye aliyemvuta.

"Betri imekufa, basi," Dastan alisema akiinuka. "Mungu kasema twende nyumbani. Na hili halijaiva bado, hata kwao Siwema walishaniambia."

"Kaa," Sista alimjibu. "Ni leo."

"Leo kwa moto gani?"

Waliokuwepo wanashuhudia kwamba Sista Ottilia alikaa naye kwenye benchi akisali kimya, na kabla ya nusu saa kupita, lori la makaa likaingia uani kwa kurudi nyuma. Dereva, aitwaye Xaveri, aliteremka akijishangaa. Kwa miaka kumi na moja alikuwa ameipita njia ile bila kupotea, na siku ile alikata kona isiyo yake. Sista hakumpa nafasi ya kujishangaa zaidi. "Usizime injini, kaka," alimwambia. "Nipe umeme wako dakika kumi." Waya zikaunganishwa kwenye betri ya lori, kamera ikawaka, na jicho la Dastan likapigwa picha. Watu wa Lituhi wanauita muujiza. Sista mwenyewe aliuita kona. Programu iliweka alama nyekundu, na Dokta Hamphrey, alipotumiwa picha, alijibu mchana huohuo: retina inavuja katikati, aletwe Alhamisi ya tatu, achomwe sindano sita, moja kila mwezi, na akiikosa hata moja jicho hilo litafuata lile la kwanza.

Hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu Dastan aliposikia neno sindano alicheka, na aliposikia ni ndani ya jicho akaacha kucheka.

"Sista, shikamoo," alisema, ingawa alimzidi umri. "Mimi si samaki mbasa. Unataka kunitia ndoana jichoni?"

"Mwone huyo!" Siwema alisema. "Analala ziwani na mamba, anaogopa sindano fupi kama punje ya mpunga!"

"Mamba sijawahi kumruhusu anikaribie, mke wangu. Huyu daktari nimruhusu mwenyewe?"

Sista aliacha wacheke, kisha akamweleza taratibu: jicho linatiwa ganzi kwa matone, sindano inapita kwenye weupe, ni kuhesabu moja hadi tatu, imekwisha. Dastan alitazama ziwa, au upande ambako alijua ziwa liko. "Utakuwepo?" aliuliza.

"Nitakuwepo."

"Zote sita? Unikamate mkono?"

"Zote sita," Sista alisema. "Nitakukamata mkono."

Alitimiza. Machi alikaa kwenye kigoda kichwani pa kitanda, akamshika mkono, na Dastan akaubana mpaka pete yake ya nadhiri ikamwachia alama. Aprili vilevile. Mei Sista alichelewa kwa robo saa, akitoka kumzika mwenzake mtawa, na alipofika kitanda kilikuwa kitupu. Alimkuta Dastan kituo cha mabasi, bado ana dawa ya kusafishia usoni, amejaa njano hadi masikioni kama mtu aliyeanguka kwenye sufuria ya mchuzi. Hakumgombeza. Alimrudisha kwa bodaboda, daktari akamchoma. Juni Dastan aliweza kuhesabu vidole vya Siwema kutoka upande wa pili wa chumba, na Siwema akalia, akamwita mwongo, akavibadilisha vidole mara nne.

Lakini kadiri jicho la Dastan lilivyofunguka, moyo wa Sista Ottilia ulizidi kudhoofika. Ulikuwa umepanuka, na madaktari walimkataza safari na ngazi. Julai alilazwa kwenye chumba cha wagonjwa cha watawa, ng'ambo ya uwanja wa kliniki. Mama Mkuu Vitalia, aliyempenda kama ndugu, alimtuma mtawa kijana akamshike Dastan mkono badala yake. Sista alilikataa hilo. Alikwenda akishikiliwa huku na huku, akipumzika kila baada ya hatua kumi. Agosti hakuweza kutembea kabisa.

"Sista, huu si utii," Mama Mkuu alimwambia. "Mkono ni mkono. Atashikwa na mwingine."

"Mama, ukiniamuru nibaki, nitabaki," Sista Ottilia akajibu. "Lakini nilimwambia mtu mmoja asubiri, akapofuka. Huyu nimemwambia nitakuwepo. Naomba usiniamuru."

Mama Mkuu alitoka nje. Aliporudi alikuwa na masista wanne na kiti cha mbao, nao wakambeba.

Sindano ya sita ilichomwa tarehe 17 Agosti. Dastan aliusikia mkono ulioushika wake kuwa baridi na mwepesi, akauliza kama Sista ni mgonjwa, naye akasema ndiyo. Dokta Hamphrey aliipima retina, akasema uvujaji umekauka, lakini pembeni kuna mishipa mipya iliyoanza kuota, dhaifu, ambayo yaweza kupasuka siku yoyote. Hiyo inahitaji kuchomwa kwa mwanga wa leza, na mashine iko hospitali ya rufaa. Siku iliyopatikana ilikuwa tarehe 6 Septemba. Baada ya hapo mashine ingekwenda matengenezo hadi mwisho wa mwaka.

"Huko sitafika," Sista alimwambia Dastan. "Utakwenda mwenyewe. Niahidi."

"Nitakwenda."

"Usikubali siku hiyo isogezwe. Hata kwa dagaa wa usipa waliojaa ziwani. Hata kwa msiba."

"Msiba wa nani, Sista?" Dastan aliuliza, na Sista akaushika tena mkono wake. Ndipo akasema, "Hata kwa msiba."

Sista Ottilia alipokea sakramenti za mwisho tarehe 1 Septemba, akafariki asubuhi iliyofuata, kengele ya Masifu ikilia. Masista waliokuwa naye wanasema neno lake la mwisho lililosikika lilikuwa kuuliza ni wangapi walioandikwa kwa ajili ya Alhamisi ya tatu. Habari ilifika milimani na ziwani siku hiyohiyo. Misa ya mazishi ikapangwa tarehe 5, na Kanisa la Anglikana huko ziwani likatangaza kwamba litaleta watu wake.

Tangu siku hiyo kazi yake haijasimama. Kamera inakaa kwenye mizani kila msimu, watu wakishapimiwa kwanza, na katika vijiji vingi vya milimani mzee akisema jicho lake halijaiva, wajukuu ndio wanaomcheka. Waamini wengi humwomba atuombee, na wapo wanaosimulia neema walizopata. Hayo tunayaachia Kanisa. Anayetaka kumfuata hahitaji kamera. Anahitaji kukiri kosa lake mbele ya aliyeumia, kujifunza kile asichokijua hata kama umri umekwenda, na kumtimizia mtu mmoja neno dogo alilompa. Na wa kwanza kumfuata, kabla hata hajafukiwa, alikuwa Dastan.

Ili kufika hospitali ya rufaa, iliyo mbali kupita Songea, asubuhi ya tarehe 6, ilimpasa kupanda basi Mbinga asubuhi ya tarehe 5, muda mfupi kabla ya Misa. Kwa watu wa ziwani, mtu asiyemzika aliyemtendea wema hana uso wa kukaa nao. Hakuna udhuru unaopokelewa, na jambo hilo husimuliwa miaka na miaka. Siwema aliyajua hayo kuliko mumewe. Alimfungia ugali wa muhogo na samaki kwenye kitambaa, akasema, "Nitatupa udongo kwa mikono miwili. Mmoja wangu, mmoja wako. Nenda."

Kituoni magari ya waombolezaji yalikuwa yakiingia. Watu wa Lituhi waliteremka na mikeka na unga wa msiba, na miongoni mwao alikuwamo Cleopa, aliyevua na Dastan kwenye mtumbwi mmoja tangu ujana. Alimkuta rafiki yake amekanyaga ngazi ya basi la Songea.

"We Dastan! Kaburi liko huku, wewe unapanda hilo?"

"Nina siku ya jicho."

"Siku ya jicho!" Cleopa aliwageukia wenzake. "Sikilizeni. Na hilo jicho kalitengeneza nani?"

"Yeye. Ndiyo maana naondoka."

"Watoto wako watasimuliwa hili."

"Wasimuliwe," Dastan alisema, akaingia, akaketi upande wa dirisha. Hakuna aliyempungia mkono. Basi lilipotoka mjini kengele za kanisa zilikuwa zimeanza, naye alivua kofia akaishika magotini mpaka hazikusikika tena.

Asubuhi ya tarehe 6 alikuwa wa kwanza kwenye benchi la chumba cha leza. Walimtia matone, wakamwekea kidevu kwenye mashine, wakamwambia asitikisike. Mtaalamu, kijana asiyemjua, aliona machozi yanashuka kwenye shavu lake, akauliza kama amesindikizwa na mtu. Dastan akasema hapana. Akauliza kama anaumwa. Hapana. "Mzee, kama umefiwa, tunaweza kukupangia siku nyingine," yule kijana alisema kwa huruma.

"Nimefiwa," Dastan alijibu, kidevu kikiwa palepale. "Anza."